Mwanya Nilioufunga kwa Mpira wa Valvu

2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na mimi nimefungua daftari. Jana dada yangu alinipigia simu kutoka huko ughaibuni akaniambia, "Kaka, mvua zikiisha narudi. Bosi amekubali. Sasa niandikie kila kinachotokea hapo nyumbani, nikifika nisome. Miaka saba nimekuwa nikisikia habari kwenye simu tu, na kwenye simu wewe unanipiga kamba." Nikamwambia hata kwenye daftari kamba zitakuwepo. Akacheka mpaka simu ikakatika.

Basi dada, haya ndiyo. Shule niliishia darasa la tano, lakini mwandiko wangu walimu walikuwa wanaukodi.

Kibanda changu cha baiskeli bado kiko kwenye kona ileile, chini ya bati lilelile. Mnyoosha magurudumu bado ni mimi, na wengine wote wanajaribu tu. Mwaka jana waliniletea gurudumu lililokanyagwa na lori la mchanga, limejikunja kama barua ya mapenzi. Nilipolimaliza lilizunguka siku mbili bila kuguswa. Siku ya tatu tulilisimamisha kwa mkono kwa kuhofia litachimba kisima.

Binti yako anakaribia kunipita kimo. Mengine utayaona kwa macho yako.

3 Machi

Mvua. Magurudumu matano, yote yamepinda kwenye shimo moja mbele ya duka la dawa. Naliombea shimo hilo maisha marefu.

9 Machi

Leo mpwa wangu alipitia kibandani akitoka shule, begi limelowa. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akatoa simu.

"Mjomba, angalia hii."

Nikafuta mikono, nikaangalia. Ni video. Msichana mwenye kucha ndefu na mwanya katikati ya meno ya mbele anachukua kimpira cha kufungia nywele, anakizungusha kwenye meno mawili. Muziki unapiga. Siku ya kwanza, siku ya tano, siku ya kumi na nne, meno yameshikana kama maharusi.

"Watu milioni mbili wameiona," mpwa akasema.

"Milioni mbili hawawezi kudanganyika wote."

"Ndiyo nakuuliza. Inafanya kazi kweli?"

"Wewe mwanya wako umekukosea nini?"

Akaangalia chini. "Darasani wanasema nikicheka nafungua geti. Halafu Mama anakuja. Aliniacha na miaka tisa, Mjomba. Nataka anikute nimekuwa mzuri."

Sasa dada, hapa nikuandikie ukweli, kwa kuwa karatasi haina macho. Mwanya ule ni wako. Ni uleule uliokuwa unapigia mluzi ukitoka kisimani, mpaka mbwa wa jirani anakuja badala yangu. Mtoto akicheka mezani mimi huacha kula kidogo. Namwangalia yeye, nakuona wewe kabla hujapanda ndege. Nilitaka kumwambia, mwanangu, uache, usiuguse, mimi huo ndio unanifikisha jioni. Maneno nilikuwa nayo kabisa, yamepanga foleni.

Lakini mdomo wangu unaijua njia moja tu. Nikasema, "Meno ni nini? Meno ni spoki. Ukikaza huku na kulegeza kule, kitu kinanyooka. Niliwahi kumpanga meno jemadari mmoja wa jeshi kwa koleo na uzi wa kushonea viatu. Mpaka leo akipiga saluti lazima atabasamu."

"Unajua kweli, Mjomba, au unasema tu?"

"Kuuliza si ujinga. Na umeuliza penyewe."

Akaniangalia vile alivyoniangalia siku uliyomwacha mlangoni kwangu na sanduku lake, nikamwambia ndege yako naifahamu na rubani ni rafiki yangu. Akaamini siku ile. Akaamini na leo.

11 Machi

Mvua kutwa. Wateja wawili, mmoja alikuja kujificha tu.

14 Machi

Vimpira vya nywele vinamkatikia. Viwili kwa siku moja. Akaja analalamika, na mimi ndipo kipaji kikanipanda kichwani. Kuna kale kampira kembamba, kama mrija, kanakovishwa kwenye valvu za baiskeli za zamani kuzuia upepo usirudi. Hakakatiki kirahisi, na kanabana miaka. Nikachukua wembe mpya nikakata pete tatu, kila moja unene wa uzi wa kitani. Nikazichemsha, maana mimi si mshenzi.

Mpwa akasimamisha simu kwenye kopo la grisi akarekodi mikono yangu ikikata. Sura haionekani, inaonekana mikono na sauti tu. Nikaongea vizuri mno. Nikasema jino ni spoki, ukilivuta taratibu linakuja lenyewe, na kwamba madaktari wanaijua siri hii wanainyamazia.

Hiyo ya madaktari ilinitoka tu. Ilinoga.

15 Machi

Pete imekaa. Anasema inabana. Nikamwambia ikibana ndiyo inafanya kazi.

20 Machi

Mwanya umebaki nusu. Na ile video, dada, mpwa aliiweka mtandaoni, imewaka moto. Watu elfu arobaini, na siku haijaisha. Wananiita Mjomba Spoki. Mmoja ameandika, "Huyu mzee ana akili kuliko chuo kizima." Nikamwambia mpwa anisomee hiyo mara ya pili, kwa sababu mvua ilikuwa inapiga bati sikusikia vizuri. Nilisikia vizuri.

Fundi cherehani wa mlango wa pili, unamkumbuka, yule mama anayeongea na pini mdomoni, akatoa kichwa.

"Bingwa, nasikia siku hizi unaziba meno."

"Napanga, siyo kuziba."

"Mimi nguo nikiibana nikaona haikai, naifumua. Wewe hilo jino utalifumua?"

"Shona, mama, shona."

27 Machi

Mwanya umekwisha. Meno yamekutana. Mpwa alijiangalia kwenye kioo, kwenye sufuria, kwenye dirisha la duka la dawa. Watu laki mbili na sitini elfu.

Wakati wa kula alicheka, nikaona ukuta. Nikainama nikatafuta kijiko chini, na kijiko nilikuwa nimekishika.

28 Machi

Mvua.

5 Aprili

Asubuhi mpwa amekuja na kikombe cha mswaki. "Mjomba, pete haipo."

Tukatafuta kwenye mto, kwenye shuka, kwenye beseni. Hakuna. "Labda nimeimeza nikiwa nimelala."

"Imemaliza kazi ikaondoka zake. Fundi mzuri hakai kwenye nyumba ya mteja."

Jioni ulipiga simu ya picha, dada. Mtandao ulikuwa mbovu, sura yako ikawa vipande vipande kama vigae. Mtoto akakuchekea kwa meno yote. Wewe ukasema, "Mbona sioni vizuri, sogea kwenye taa." Halafu ikakatika. Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu, imezimika, nikingoja vigae vijipange.

12 Aprili

Mpwa anatafunia upande. Fizi ya mbele imekuwa nyekundu. Nimemwambia asukutue maji ya chumvi. Yeye akaenda kuuliza kwenye simu, akapata video nyingine, kijana amevaa koti jeupe, anasema hiyo ni dalili nzuri, meno yanazoea makazi mapya. Nikauliza huyo ni daktari? Mpwa akasema, "Ana koti." Tukaridhika.

15 Aprili

Magurudumu mawili. Sikuwa na mkono mzuri leo. Moja nililikaza mpaka spoki ikakatika, kitu ambacho hakijatokea tangu nizaliwe.

Kimetokea mara nyingi. Sijui kwa nini nimeandika hivyo.

19 Aprili

Fundi cherehani alikuwa anampima mpwa sketi ya shule. Akaja kibandani, hana pini mdomoni, nikajua kuna jambo.

"Umeliona jino la huyu mtoto?"

"Linazoea."

"Linazoea nini? Limeshuka kuliko mwenzake. Nimemwambia alisukume kwa ulimi, linakwenda mbele na kurudi kama kifungo kilicholegea. Analia kwangu kule, kwako anaogopa kukuaibisha. Mtoto analinda jina lako, Bingwa. Wewe unalinda nini?"

Nikaenda kuulizia kliniki ya meno iko wapi.

21 Aprili

Nimefunga kibanda siku ya kazi. Kliniki ya meno iko ghorofani, juu ya duka la rangi, ngazi zinanuka tarpentaini. Daktari ni mwanamke, kwa umri angeweza kuwa mpwa wangu mwingine. Akamlaza mtoto kwenye kiti, akashusha taa, akaligusa jino la kulia kwa kidole kimoja tu. Akalitikisa. Akapiga picha, akaisoma kwenye ukuta wenye mwanga.

"Mlifunga kitu kwenye meno haya?"

"Kimpira," mpwa akasema. "Lakini kilidondoka."

"Hakikudondoka. Kiko ndani."

Nikasema, "Ndani wapi, daktari?"

Akachora kwenye karatasi. Jino la mbele ni kama karoti, akasema, nene huku tunakoliona na jembamba kule kwenye mzizi. Kimpira hakiwezi kukaa kwenye unene. Kinateleza kuelekea wembamba. Kinaingia chini ya fizi, kinapanda mzizi, na kila kinapopita kinakata.

"Kinakata nini?"

"Vile vinavyolishikilia. Nyuzi ndogo sana na mfupa. Angalia hapa kwenye picha, mfupa ulipaswa kufika hapa. Umeishia pale."

Mpwa alikuwa anaangalia dari. Daktari akamuuliza taratibu, "Nani aliwafundisha?"

"Video," mpwa akasema. Hakunigeukia hata jicho.

Na mimi, dada, nikaacha ile video isimame mbele yangu kama mtu mwingine.

Daktari akavuta kiti. "Video. Mimi mwezi huu nina moja inayonichosha. Wagonjwa wawili wamenionyesha hiyohiyo, mmoja ana miaka kumi na miwili. Ngojeni muione, mkawaambie na wenzenu."

Akatoa simu. Ikaanza. Chumba kile kidogo kikajaa sauti yangu. Jino ni spoki. Ukilivuta taratibu linakuja lenyewe. Madaktari wanaijua siri hii. Sijawahi kuisikia sauti yangu vile. Ilikuwa nzuri, dada. Hata mimi ningeiamini. Kwenye kioo kile kidogo dole gumba langu, lenye ukucha uliopasuka, lilikuwa linakata mpira vizuri kabisa.

Mpwa alianza kulia bila sauti, machozi yakiingia masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali.

Nikaweka mikono yangu mezani kwa daktari, chini ya taa.

"Daktari, sauti hiyo ni yangu."

Aliangalia ukucha, akaangalia simu, akaizima. Nilitegemea atanifukuza. Akauliza tu, "Ulisomea wapi mambo haya?"

"Sikusomea."

"Sasa ulijuaje?"

"Sikujua."

Neno hilo moja, dada. Nimetafuta kichwani njia nzima ya kurudi, sikumbuki mara ya mwisho nililisema lini.

Hakunitukana. Ingekuwa nafuu angenitukana. Alisema wapo madaktari wa kupanga meno, kazi yao ni hiyo tu, wanapima kwanza, wanapiga picha, wanavuta mwaka mzima au miwili ili mfupa upate kujijenga nyuma ya jino. Akasema wanaosema kweli kwenye video nao wapo, lakini wanaanza na "kwanza upimwe", na mtu akisikia hivyo anapita. "Na huyu binti," akasema, "pengine asingehitaji chochote. Mwanya ule haukuwa ugonjwa."

Nikasema najua.

Akasema, "Ulijua?"

Nikasema hilo pekee nilijua.

22 Aprili

Mvua.

25 Aprili

Wamemchana fizi wakaitoa ile pete. Daktari alinionyesha kwenye pamba. Kipete cheusi kidogo, kizima, hakijachakaa hata kidogo. Nilikikata vizuri mno. Meno yamefungiwa waya mwembamba kwenye majirani zake yapate kuegemea. La kushoto lina matumaini. La kulia hajui. Alisema hivyo waziwazi, "Sijui, tutaona baada ya miezi," na hakuna aliyemcheka.

Njiani mpwa alisema kwa kufumba midomo, "Usimwambie Mama kuwa ni wewe. Mwambie ni video."

"Video ilikuwa ya nani?"

"Mjomba, atakuchukia."

Nikamwambia mama yako alinijua kabla sijaota ndevu.

2 Mei

Nimepiga mimi. Nikakwambia yote, na sikuongeza kitu. Unajua ulichojibu, lakini nakiandika kwa sababu uliniambia niandike kila kinachotokea. Ukasema, "Kaka, miaka yote nilijua unatunga. Nilipokuwa mdogo ulitunga ili nisisikie njaa, na nilishiba. Sikujua kuwa hata mtoto akikuuliza kitu cha kweli bado unatunga."

Nikasema, "Nilitaka kumkataza. Mwanya ulikuwa wako."

"Kwa nini hukusema hivyo?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kukukumbuka."

Nikasikia ukipenga kamasi. Kisha sauti yako ya kazi ikarudi, ile ya mtu anayepanga mambo. Ukasema matibabu yatakuwa marefu, nauli yako ya kurudi iende huko, bosi utamwambia umeahirisha. Nikasema nitauza vifaa, nitauza kibanda. Ukasema, "Ukiuza kibanda atakula nini? Nyamaza, Kaka. Leo nyamaza tu."

Basi hutakuja mvua zikiisha. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili kwenye karatasi ya pembeni kabla ya kuiandika hapa.

4 Mei

Nilikata majani mbele ya mlango, yale niliyokuwa nangoja kuyakata wiki utakayokuja.

10 Mei

Tumeifuta ile video. Haikufutika. Watu walishainakili, wengine wameitia muziki, mmoja ameiweka kana kwamba mikono ni yake. Mpwa akasema njia iliyobaki ni kutengeneza nyingine.

Safari hii nikakaa sura ionekane. Mara ya kwanza nilianza, "Mimi fundi niliyempanga meno jemadari—" na mpwa akashusha simu.

"Mjomba, toa jemadari."

"Jemadari anavuta watu."

"Ndiyo maana. Mtoe."

Mara ya pili nikasema kila fundi ana siku yake mbaya. Akashusha tena. "Hiyo ni kama unasamehewa tayari."

Mara ya tatu nikasema hivi: mimi ni fundi baiskeli. Niliwaambia jino ni spoki. Nilikuwa sijui. Mpwa wangu anaweza kupoteza jino lake kwa sababu mimi nilikuwa sijui na nikaongea. Aliyefunga kimpira aende kwa daktari wa meno, hata kama hakiumi, hata kama anadhani kimedondoka.

Mpwa akageuza simu akajionyesha, akainua mdomo wa juu, waya na fizi na mshono vikaonekana. Sikumwomba. Msichana ambaye alikuwa hataki kucheka mbele ya darasa.

Fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa begani. Akasema, "Leo umeongea, Bingwa," akarudi kwenye mashine yake.

13 Mei

Video yetu mpya, watu mia moja na kumi. Ile ya uongo, kwenye ukurasa wa yule mwizi wa mikono yangu, imefika laki nne.

18 Mei

Mvua zinapungua. Daktari amelijaribu jino la kushoto, limetulia. La kulia bado linacheza kidogo. Mpwa anaongea polepole siku hizi, kila neno analipima kabla ya kulitoa. Video yetu mpya imefika watu mia moja na sitini.

26 Mei

Jua limetoka leo, na udongo umeanza kukauka juu. Hii ndiyo wiki yenyewe, dada. Nilipita barabarani ambako magari ya kutoka uwanja wa ndege yanapitia. Sikuwa na shughuli huko. Nilisimama kidogo, nikarudi.

Nilikuwa nimelala chini ya baiskeli mpwa alipokuja mbio, simu mkononi. Kuna aliyeandika chini ya video yetu, wa kwanza asiyetucheka. Akanisomea: "Mjomba, mimi nina siku ya tisa. Kimpira sikioni tena. Hakiumi. Nisubiri?"

Nikainuka na grisi yangu. "Mwandikie asisubiri. Asikivute mwenyewe. Aende kwa daktari wa meno kesho asubuhi, na neno la kwanza ataje kimpira, kabla hata ya salamu."

Akaandika. Tukangoja. Likaja jibu: "Kuna video nyingi zinasema ni kawaida, ya kwako tu ndiyo inasema hivi. Nitakuaminije wewe na si wao?"

Mpwa akaniangalia, vidole vimekaa juu ya herufi. Nilikuwa na majibu, dada, unanijua. Yalikuja matano kwa mpigo, na yote yalikuwa matamu, na mojawapo lilikuwa na jemadari.

Nikasema, "Mwandikie: usiniamini. Mimi mwenyewe sijui meno. Nenda kaonwe na anayejua."

Akaandika, akatuma. Simu inaonyesha kwamba amesoma. Hajajibu. Tumeiweka juu ya kopo, kioo kikiangalia juu, mpwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, mimi nimekaa kwenye tairi, na mteja aliyekuja na gurudumu lake nimemwambia asubiri.